Macho Uliyomchorea Mama Yako

Zaituni,

Salamu nitazitoa mwishoni, kama zitakuwa zimebaki. Sasa hivi nina hasira, na sitaki kuanza barua kwa kukudanganya kwamba mimi ni mzima, nina furaha tele.

Umekwenda mtaa wa Gihosha na mama mdogo wako Mwajuma kuwaaga wajomba. Nyumba iko kimya. Nimekaa mlangoni kwenye kibago, kile kigoda chetu kidogo, maana hapa ndipo mwanga wa alasiri unapofika, na nimelaza ubao wa rangi magotini ili niandikie juu yake. Kesho asubuhi unapanda basi la Dar es Salaam kwenda kusomea uchoraji. Tangu Jumapili mimi na wewe hatujasemezana zaidi ya "chakula tayari" na "asante". Majirani hapa Kinama wanasema ni uchungu wa kuachana, masikini baba wa watu, mtoto mwenyewe ni huyo huyo mmoja. Waache waseme. Mimi na wewe tunajua ni ile picha.

Nakuandikia kwa Kiswahili cha vitabu, kile nilichopigiwa fimbo madrasa, ili uanze kukizoea. Huko uendako ukisema "apana" watakucheka. Wakicheka, na wewe cheka, halafu endelea kusema "apana".

Mambo ya kuchemsha maji, kutolala karibu na dirisha la basi, kutompa mtu usiyemjua begi akushikie, Mwajuma ameshayasema. Ameyasema mpaka mbuzi wa jirani sasa anajua kujitunza Dar. Mimi hapo sina la kuongeza. Nataka tuzungumze habari ya picha, na kwa kuwa uso kwa uso nitapiga kelele, ni heri niandike.

Jumapili uliwakusanya watu sebuleni wakuage, ukaniletea zawadi imefungwa ndani ya kitenge. Ukasema, "Baba, iyi ni kado yako. Ufungue mbele ya watu." Nikafungua. Ilikuwa ile kroki yangu, ule mchoro mdogo wa mama yako, ukubwa wa kiganja, uliokaa ukutani juu ya kitanda changu tangu wewe ungali mtoto. Mama yako mlangoni anachambua maharage, wino mweusi juu ya katoni nyeupe, basi. Ulikuwa umeuchukua bila kuniambia, ukautia fremu. Fremu nzuri, sikatai. Lakini ndani ya fremu ulikuwa umefanya kazi yako.

"Nimeimalizia, Baba," ukasema.

Umeimalizia! Mtandio sasa ulikuwa wa buluu. Maharage yalikuwa mekundu. Mlango ulikuwa wa kijani, na mlango wetu haujawahi kuwa wa kijani hata siku moja, hata kwa bahati mbaya. Na pale kwenye giza, pale ambapo mimi niliacha weusi mtupu, ulikuwa umemwekea mama yako pua, na mdomo, na macho mawili yaliyofunguka, yakinitazama.

Watu wakapiga makofi. Mwajuma akaziba mdomo kwa mkono, akasema, "Weee! Hadija! Ni yeye mwenyewe!" kisha akaanza kulia. Na mimi nikasimama, nikatoka, nikaenda kusimama nyuma ya choo mpaka wageni walipoondoka. Mtu mzima na ndevu zangu, nimejificha nyuma ya choo siku ya kumuaga mwanangu. Uliponifuata ukauliza, "Baba, kwani nimefanya nini mubaya? Mi nilitaka tu nimuone." Nikakwambia uniache. Sikukujibu kwa sababu jibu lenyewe ni refu.

Hili hapa jibu.

Mjini wananiita Fundi Visogo. Unalijua jina hilo vizuri, ulipigana nalo shuleni ukarudi na sare imechanika. Hukuwahi kuniuliza limetoka wapi. Nafikiri ulidhani, kama wengine, kwamba sijui kuchora uso. Mimi najua kuchora uso! Kabla sijaoa, vinyozi wote wa mtaa wa Buyenzi walinitafuta mimi niwachoree matangazo ya dukani. Kijana aliyenyolewa akapendeza, macho makubwa, meno meupe, unapita barabarani unadhani atakuita. Nilikuwa naringa nayo kazi hiyo.

Kisha nikamposa Hadija, binti wa mwalimu wa madrasa. Mzee hakunikataa. Alinipa chai, akaniuliza kazi yangu, akanikumbusha kile ambacho kila mtoto wa madrasa amefundishwa: kwamba mchoraji wa vyenye uhai ataulizwa Siku ya Kiyama, ataambiwa akipulizie roho alichokichora, naye hataweza. Mimi kijana, nikatabasamu, nikajisemea nitatubu nikizeeka. Hadija alikuwa nyuma ya pazia anasikiliza, na yeye hakutabasamu.

Baada ya arusi akaniambia, "Mi sikukatazi kazi. Tutakula nini? Lakini usiweke macho. Sitaki uulizwe."

Nikamwambia mteja wa kinyozi anataka kuona macho. Akanijibu bila hata kuinua kichwa kwenye sufuria, "Mutu anaenda kunyolewa kichwa, macho ya nini?"

Basi nikaanza kuwachora kwa nyuma. Kisogo kilichochongwa vizuri, shingo safi, na mbele yake kioo ambacho ndani yake hamna uso, kivuli tu. Washonaji nikawachora wameinamia cherehani. Wauza nyama wamegeukia buchani. Wateja wengine wakanikimbia, wengine wakacheka wakazoea, na jina nikapewa. Sasa unalijua. Kila ulipoona aibu kwa jina hilo ulikuwa unaona aibu kwa ajili ya ahadi niliyompa mama yako, na mimi nilikaa kimya nikuone ukiona aibu. Sijui nani kati yetu ni mjinga zaidi.

Lakini kuficha uso si kazi rahisi. Ukimpaka mtu doa jeusi usoni ataonekana kama amemwagiwa mafuta machafu ya gari. Ni lazima giza liwe limetoka mahali, liwe na haki ya kuwa pale. Na mimi giza nilikuwa silijui. Nilijulishwa siku niliyoaibika.

Kulikuwa na mgahawa kule kule Gihosha, kwenye mteremko, mwenyewe akataka ukuta wa nje wote uwe ziwa. Nikafurahi, ziwa halina uso. Nikasema hapa nitawaonyesha. Nikachora kila kitu, Zaituni. Mawimbi moja moja. Matete. Kiboko na mikunjo yake ya shingo. Samaki mukeke wote na magamba yao, milima ya Kongo na miti yake juu, mitumbwi, nyavu, matundu ya nyavu. Nilipanda ngazi nikashuka mpaka magoti yakawaka moto. Nilipomaliza, mwenye mgahawa akavuka barabara, akasimama ng'ambo, mikono kiunoni.

"We fundi," akasema, "mi sioni ziwa. Mi naona nguo zimeanikwa."

Nilimtukana moyoni matusi ambayo sitayaandika. Hadija akafika na chakula changu, wewe uko mgongoni, na mimi nikamvusha ng'ambo ili naye amwone huyo mpumbavu asiyejua kazi. Jua lilikuwa linampiga usoni. Akafinya macho, akautazama ukuta.

"Na we finya," akaniambia.

Nikafinya. Jaribu hapo ulipo, fumba nusu, acha kope zikutane kidogo. Rangi zote zilizimika, na kilichobaki kilikuwa uji. Maji yalikuwa na mwanga kidogo na giza kidogo. Mlima nao mwanga kidogo na giza kidogo. Kiboko, mtumbwi, samaki, vyote sawasawa, hakuna kilichomshinda mwenzake.

"Jua liko wapi?" akauliza mama yako.

Nilikuwa nimechora ziwa zima bila kuamua jua liko wapi.

Tulirudi nyumbani nikiwa nimenuna, nikachukua katoni ya sabuni, nikaikata vipande vya kiganja, nikafungua wino. Rangi mbili tu: weupe wa katoni na weusi wa wino. Kipande cha kwanza nikaharibu, cha pili nikaharibu, vingine sikumbuki vilikuwa vingapi, mama yako aliviwashia jiko. Mwishowe nikaona. Milima na kivuli chake majini ni umbo moja, lote jeusi, hakuna mstari katikati. Ziwa ni umbo moja, lote jeupe. Mtumbwi mmoja umekata weupe. Na samaki? Samaki hakuna, bwana. Samaki wako ndani ya maji, mteja atawakuta kwenye sahani. Nikaupaka ukuta upya, na mwenye mgahawa akavuka tena barabara, akasema tu, "Haya sasa." Kutoka kwake ilikuwa sifa kubwa.

Tangu hapo sijagusa ukuta bila kroki. Kroki inakulazimisha kuamua wakati uamuzi bado ni mdogo na katoni bado ni ya bure. Hiki kitakaa juani, hiki kitakaa gizani. Kivuli cha meza na suruali ya mtu aliyekaa nyuma yake, vikigusana, vifanye kimoja, usivitenganishe eti kwa sababu una majina mawili ya kuvitaja. Na ukishaamua, uwe na adabu. Giza uliache liwe giza. Mtu akitaka kujua kilichomo, ataingia mwenyewe kwa macho yake.

Haya nimekufundisha tangu ukiwa na vidole vya kushika brashi. Na ile picha ya soko uliyowapelekea wa Dar, je? Walikuchukua, hongera, nilijivuna mpaka shati likanibana. Lakini nilikwambia siku ile na narudia leo: kila nyanya mle inapiga kelele. Kila mwanamke ana macho, ana kope, ana hereni zinazong'aa. Nilikuuliza kroki yake iko wapi, ukanijibu huku unatazama telefone, "Baba, kroki ni ya zamani. Sasa tunapiga foto." Ukaniacha nimesimama na brashi mkononi.

Sasa nije kwenye hii kroki yenyewe. Hukuijua. Ndiyo maana uliweza kuifanyia ulichoifanyia.

Mama yako hakupenda kuchorwa, na hata foto alizipenda kama mtu anavyopenda kung'olewa jino. Hizo mbili tulizonazo, ya arusi na ya kitambulisho, amekaza uso kama amesimama mbele ya hakimu. Si yeye. Lakini alasiri moja ya kiangazi alikuwa amekaa hapa hapa nilipokaa, kwenye kibago hiki, anachambua maharage, na jua limemkata vipande viwili. Mikono juani, magoti juani, ukingo wa mtandio juani. Bega la kushoto limepanda kidogo, lile lililozoea kukubeba. Na uso wake umeingia ndani, umeungana na giza la nyumba, huoni uso unapoishia na giza linapoanzia. Nikamwomba nimchore. Sijui kwa nini siku ile alikubali. Labda kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

"Chora," akasema. "Lakini macho yangu, apana. Macho yangu nitaenda nayo."

Na mimi kwa mara ya kwanza katika kazi yangu sikuhitaji kuficha. Kivuli kilikuwa pale pale chenyewe. Niliweka nilichokiona, nikampa. Akakitazama kwa mbali, akakisogeza karibu, akacheka. "Ni mi. Hata mama yangu angenijua." Halafu akarudi kwenye maharage yake. Haukupita muda mrefu akaugua, siku chache tu, tukamzika. Na kweli alikwenda nayo.

Hicho ndicho ulichokimalizia.

Na kuna kingine. Chini, upande wa kulia, kulikuwa na doa jeupe dogo peke yake kwenye weusi. Wewe umeligeuza bakuli. Umelipaka rangi ya bati, umelitia na mng'ao juu, mng'ao mzuri kabisa, wa mtu aliyesoma. Zaituni, lile halikuwa bakuli. Ni mguu wako. Ulikuwa umelala kwenye mkeka nyuma ya mama yako, mwili wote gizani, hauonekani, ila mguu mmoja umeurusha nje ya kivuli kama ulivyokuwa ukilala siku zote, na jua likaudaka. Nikauacha mweupe. Miaka yote hii mimi nimelala chini ya picha ya watu wawili. Wewe ukaja ukaona mtu mmoja na chombo cha maharage, hukuuliza, ukajifuta mwenyewe kwa brashi yako mwenyewe. Nikilifikiria bakuli lile damu inanichemka.

Hili ulipeleke Dar, hata mengine ukiyasahau. Katika kroki ya mtu mwingine kila doa ni kitu ambacho mtu alikiona. Usikisie. Uliza.

Najua utakalosema. Utasema, mbona hukuniambia? Nakusikia kabisa unavyolisema, na ile midomo umeibinua. Ndiyo, sikukuambia. Ulipokuwa mdogo uliniuliza mbona mama hana uso, nikakujibu, "Kuna kivuli," nikageukia kazi yangu. Nilidhani utaona mwenyewe ukikua. Nilidhani mtoto anayelala nyumba moja na picha anaijua picha. Haya, hapo umenishinda, lakini usitembee kifua mbele.

Sasa nikwambie kilichonitoa sebuleni, maana si mlango wa kijani, na wala si bakuli.

Nilipofungua kile kitenge nilitaka kusema kwa sauti, haya si macho yake. Maneno yalinifika mdomoni. Yakakwama, kwa sababu sikujua. Nimeishi na mwanamke yule, nimekula naye, nimegombana naye, nimemfumba macho hayo hayo kwa mkono wangu, na niliposhika ile fremu sikuweza kujua kama umepatia au umekosea. Nakumbuka bega. Nakumbuka mikono yake kwenye maharage, naweza kuichora hata nikiwa usingizini. Nakumbuka alivyofinya macho pale Gihosha. Yakiwa wazi siyaoni tena. Nimeishika ahadi yangu barabara, na kwa kuishika nimeyapoteza.

Halafu namsikia Mwajuma, mdogo wa mama yako, aliyekua naye kitanda kimoja, anasema ni yeye mwenyewe. Kumbe umepatia! Wewe uliyekuwa hujui hata kuvaa kiatu mama yako alipokufa, umeyapata, na mimi mumewe sinayo. Nilikuonea wivu, Zaituni. Mtu hamwonei wivu mtoto wake mbele ya wageni akabaki amekaa kitini. Ndiyo maana nikatoka.

Jumatatu, ulipokwenda mjini kufuatilia pasipoti, niliingia chumbani kwako kutafuta nyundo. Nikakuta kioo changu cha kunyolea ndevu kimeegemezwa dirishani, na kwenye ukingo wake kuna alama za kidole, za rangi ya kahawia. Nikasimama pale kama mtu aliyepigwa kofi. Hukukisia macho yale, wala hukuyatoa kwenye foto ya kitambulisho. Ulijitazama. Macho ya mama yako umeyatoa kwako mwenyewe.

Leo mlipotoka tu, nimeishusha picha, nikaitoa kwenye fremu, nikaiweka hapa mlangoni. Kulirudisha giza ni kazi ndogo sana, unajua mwenyewe: brashi bapa, wino, pitisha mara moja, kwisha. Buluu ya mtandio ningeivumilia. Macho nilitaka kuyafunika. Nimeahidi, mwenye ahadi hayupo wa kunisamehe, sasa nifanye nini? Nikachovya brashi. Nikaishika juu ya uso ule mpaka wino ukanidondokea gotini. Suruali yangu ya kaki imeharibika, na hilo nalo ni juu yako.

Mkono ulikataa. Yangekuwa macho ya kubuni, ningeyafunika huku napiga mluzi. Lakini ni wewe uliyekuwa unanitazama pale. Kesho unaondoka, leo mimi nikuzibe macho kwa wino? Nilijaribu mara nyingine. Sikuweza. Nimelia, na nilikuwa na hasira huku nalia, usije ukadhani kilio kimeimaliza.

Nikakaa nikaanza kuifikiria ile ahadi yenyewe, si maneno yake, sababu yake. Mama yako hakuwa anayaogopa macho. Alikuwa ananiogopea mimi nisije nikaulizwa. Sasa aliyechora ni wewe. Wewe ambaye hukujua, kwa sababu mimi niliyejua nilikujibu "kuna kivuli" nikageukia kazi. Swali hilo likuangukie wewe, na mimi nimekaa hapa na visogo vyangu, nimesalimika? Mama yako angenichuna ngozi.

Basi nimefanya hivi. Kwanza, bakuli nimelifuta. Hapo sikukuomba ruhusa. Nimepaka nyeupe nzito, mguu wako umerudi juani. Pili, unajua kwamba kwenye matangazo ya maduka naweka jina na namba ya simu, lakini kroki sijawahi kuitia sahihi maishani mwangu. Leo nimechukua brashi nyembamba, nikaandika chini ya mguu wako, kwa herufi ndogo zinazosomeka, jina langu na la baba yangu. Najua Mungu hadanganyiki kwa sahihi. Mimi si mtoto. Lakini Siku ya Kiyama likiulizwa ni nani aliyeweka macho haya, nitainua mkono kabla hujafungua mdomo, na ukithubutu kunipinga mbele za watu wote utaniona. Mzigo ambao mama yako alikataa niubebe, wewe umenifungia kwenye kitenge ukaniletea kama kado. Nimeubeba. Na bado nina hasira.

Picha inabaki hapa, juu ya kitanda changu, na macho yake. Nitajifunza kulala huku natazamwa.

Kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako nimekuwekea vipande vya katoni, nimekukatia mwenyewe, na chupa ya wino niliyoifunga kwa mpira isimwagike kwenye nguo. Watakupa turubai kubwa huko, watakupa rangi ambazo mimi sijawahi kuziona. Kabla hujazigusa, toa kipande kimoja, finya macho, ujiulize jua liko wapi. Wenzako wakicheka, na wacheke. Kama utachora nyuso au hutachora, hilo sikuamulii. Mimi niliamua kwa ajili ya mtu niliyempenda, na wewe utakuwa na sababu zako. Ila yale macho mawili ndiyo ya mwisho nitakayokubebea. Mengine yote utakayoyachora huko, uyatie jina lako mwenyewe, na uwe tayari kuulizwa.

Nawasikia mnarudi. Mwajuma anapiga soga na jirani getini, na wewe unacheka. Barua hii nitaiweka kwenye begi, chini ya vile vipande vya katoni, uikute ukiwa mbali, ambapo huwezi kunijibu.

Asubuhi begi nitalibeba mimi mpaka kwenye basi. Utakapoyasoma haya itakuwa imeshapita, lakini kukusemesha nataka nianze mimi. Nitaanza. Kama uliniona nakutazama sana usoni, nilikuwa na kitu nimekisahau na nilitaka kukikariri tena.

Salamu zimebaki, kumbe. Asalaam alaykum, mwanangu.

Baba yako,
aliyekuwa Fundi Visogo